TUZIPIME UPYA NGUZO ZA UMEME KABLA HAZIJAFIKA VITONGOJINI

Nguzo nyingi za umeme zinazosimama katika nchi hii zimezaliwa Nyanda za Juu Kusini. Mikaratusi, au milingoti kama wengi wetu tuitavyo, hupandwa Mufindi na Njombe, hukatwa ikiwa imenyooka, hukaushwa, hutiwa dawa ya kuzuia mchwa na uozo, kisha hupakiwa juu ya malori na kupelekwa hata mikoa ya mbali. Maji yanayozungusha mitambo ya Mtera, Kidatu na Kihansi nayo kwa sehemu kubwa huteremka kutoka milima yetu. Kwa hiyo mwananchi wa Iringa au wa Mbeya anapoitazama nguzo ya umeme haitazami kwa jicho la mgeni. Anayo haki ya kuisemea, na tena anayo haki ya kuuliza imeundwa vipi.

Neno tunalotaka kulisema leo linahusu kipimo kimoja tu katika nguzo hiyo, nacho ni nafasi iliyopo kileleni mwake, baina ya waya na waya, na baina ya waya na chuma. Katika nguzo nyingi za msongo wa kati nafasi hiyo ni ndogo kuliko upana wa mbawa za ndege wakubwa wa nchi hii. Tumbusi, tai, korongo na bundi wakubwa hutua pale kupumzika au kutazama mawindo, na baadhi yao hawaruki tena. Tunasema kwamba kipimo hicho chaweza kurekebishwa. Kwamba kirekebishwe sasa, wakati Serikali inapoutoa umeme makao makuu ya vijiji na kuupeleka vitongojini. Na kwamba kukirekebisha kuna manufaa kwa mwananchi mwenye taa kabla hata hatujamtaja ndege.

Yafaa kwanza tuondoe shaka iliyo katika vichwa vya wengi. Mtu huuliza: mbona mbayuwayu hukaa kwa mamia juu ya waya na hawapati madhara, ilhali tai, ndege mwenye nguvu, huanguka amekufa? Jibu ni kwamba umeme hutafuta njia ya kupita. Ndege aliyesimama kwa miguu yake yote miwili juu ya waya mmoja hajaupa umeme njia ya kwenda popote, basi humwacha. Hatari huanza pale ambapo kiungo chake kimoja kimegusa waya na kiungo kingine kimegusa waya wa pili, au kimegusa chuma kilichounganishwa na ardhi. Hapo mwili wake huwa daraja, na umeme hupita juu ya daraja hilo. Mbayuwayu hana urefu wa kuziba nafasi hiyo. Tumbusi mkubwa, ambaye mbawa zake zikikunjuliwa hufikia mita 2.5 na zaidi, anao. Korongo taji ana takriban mita 2, na korongo mweupe atokaye Ulaya hakosi sana kufika hapo.

Zile njia kuu za kilovolti 132, 220 na 400 zilizobebwa na minara ya chuma hazina hatari ya namna hii, kwa sababu waya zake zimetengana mno hata hakuna ndege awezaye kuzigusa mbili kwa pamoja. Zina hatari ya aina nyingine, nasi tutaieleza baadaye. Zinazounguza ndege ni njia za kilovolti 11 na 33, yaani hizi tunazoziona zikipita kando ya barabara na kuingia vijijini. Na hata hapo nguzo ya mti yenyewe haina taksiri kubwa, maana mti mkavu haupitishi umeme kwa urahisi. Taksiri imo katika mkono wa chuma unaokingamishwa kileleni mwa nguzo, na katika waya uteremkao kutoka chuma hicho kwenda ardhini. Vikombe vinavyoshika nyaya vikisimamishwa juu ya mkono huo, nyaya hupita juu kidogo tu ya chuma. Ndege akitua juu ya chuma, ambapo ndipo mahali panapomfaa zaidi kutua, akifungua mbawa ili aruke, bawa hufika kwenye waya.

Nguzo mbaya kupita zote ni ile yenye transfoma. Pale kuna fyuzi, kuna vifaa vya kukinga radi, kuna vipande vifupi vya waya visivyovikwa chochote vinavyounganisha hiki na kile, na vyote vimesongamana katika eneo dogo. Hata bundi, ambaye si mkubwa kama tai, huweza kuziba nafasi hizo. Fundi aliyezoea kazi ya laini akiambiwa umeme umekatika usiku katika kijiji fulani bila mvua wala upepo, hupanda kutazama fyuzi, kisha hutazama chini penye nyasi.

Kuhusu nguzo za zege, ambazo Shirika la Umeme limeanza kuzitumia katika sehemu mbalimbali, yatupasa kusema jambo moja. Zege lina nondo ndani yake, na nondo hupeleka umeme ardhini. Juu ya nguzo ya namna hiyo ndege hana haja ya kugusa nyaya mbili. Amekwisha kusimama juu ya ardhi, kwa maana ya umeme, na waya mmoja unatosha kumwua. Hatuandiki haya ili kutetea soko la miti yetu, ijapokuwa hatuoni haya kulitetea. Tunasema tu kwamba nguzo ya zege, ikiwa lazima itumike, ihitimu masharti makali zaidi kuliko ya mti.

Sasa tutazame ardhi yetu ilivyo. Isimani, kaskazini ya mji wa Iringa, ilikuwa na miti. Miti hiyo ilifyekwa ili kupisha mashamba ya mahindi yaliyoifanya sehemu hiyo ijulikane nchi nzima. Usangu ni tambarare ya majani, mpunga na maji. Kitulo, iliyofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005 na ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu, ni uwanda wa majani na maua katika kimo kinachozidi mita 2,500. Mahali pasipo na mti mrefu, nguzo ndiyo mti. Ndege awindaye kwa macho hutaka mahali pa juu atakapoketi, na sisi tumemwekea nguzo moja baada ya nyingine, kwa umbali ulio sawa, mpaka upeo wa macho. Tumemjengea kiti, na kiti hicho kina mauti ndani yake.

Kuna na jambo la majira. Manyoya makavu humkinga ndege kwa kiasi fulani, lakini manyoya yaliyolowa hupitisha umeme kwa urahisi mkubwa zaidi. Mvua zetu huanza Novemba na kuendelea hata Aprili, na milimani ukungu hauishi. Ni katika miezi hiyo hiyo ambapo wageni kutoka Ulaya na Asia wako kwetu: korongo weupe wanaofuata nzige na viwavijeshi mashambani, na tai wa nyika wanaofuata kumbikumbi mvua zinapoanza. Mkulima anayejua hasara ya viwavijeshi hana haja ya kufundishwa faida ya korongo. Kadhalika korongo taji, ambaye Waganda wamemweka katikati ya bendera yao, na ambaye tangu mwaka 2012 amehesabiwa duniani kuwa yumo hatarini kutoweka, ana desturi wasiyo nayo makorongo wengi wa jamii yake: hulala juu ya miti. Palipo na nguzo badala ya mti, hulala juu ya nguzo.

Tumesema kwamba jambo hili linamhusu mwananchi mwenye taa. Ndege anapoungua, njia nzima huweza kuzimika. Kinu cha kusaga kinasimama, mgonjwa katika zahanati anahudumiwa kwa tochi, na samaki wa mama muuzaji wanaharibika ndani ya friji. Tangu mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere uanze kuzalisha mwaka 2024, katika mradi wa megawati 2,115, upungufu wa umeme wenyewe umeacha kuwa kisingizio cha kila siku, na macho ya watu yamegeukia njia za kusambazia. Kiumbe mmoja mahali pabaya huweza kufanya makubwa. Mwezi wa Juni mwaka 2016, huko Kenya, tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha umeme cha Gitaru, akaangukia transfoma, na Kenya nzima ikaingia gizani kwa saa kadhaa. Tumbili mwenyewe alinusurika. Majirani zetu walicheka sana, na sisi tuliwasaidia kucheka. Lakini waliokuwa katika vyumba vya upasuaji siku ile nadhani hawakucheka.

Zaidi ya giza kuna moto. Ndege aliyeshika moto juu ya waya huanguka akiwa bado anawaka, na kama chini kuna majani makavu, moto huanza. Hili limeshuhudiwa Hispania, Marekani na kwingineko. Mwezi wa Aprili mwaka 2014 mji wa Valparaíso, nchini Chile, uliwaka moto uliouawa watu 15 na kuteketeza nyumba zaidi ya 2,000, na chanzo kilichotajwa na wachunguzi kilikuwa ni ndege walioungua juu ya nyaya za umeme nje ya mji. Sisi tunao msitu wa kupandwa wa Sao Hill, mkubwa kuliko yote ya aina yake nchini, na kandokando yake yako maelfu ya mashamba ya miti ya wananchi ambao wameweka humo ada za shule za watoto wao na matumaini ya uzee wao. Kila mwaka baina ya Julai na Oktoba, majani yakiwa makavu na upepo ukivuma, watu wa Mufindi hulala jicho moja wazi. Tunawaonya waandaa moto wa mashamba, tunawaonya warina asali, tunawaonya wavuta sigara. Nguzo yenye kikombe kibaya inayopita ukingoni mwa msitu haijaonywa na mtu.

Hapa ndipo wengine hutukatiza na kusema: mtu kwanza, ndege baadaye. Husema kwamba nchi maskini haiwezi kusimamisha maendeleo kwa ajili ya tumbusi, ndege mla mizoga, ambaye hata kumtazama si pendezi. Hoja hii tunaiheshimu maana imetoka kwa watu waliokaa gizani miaka mingi. Vijiji 12,318 vya Tanzania Bara havikupata umeme kwa ndoto. Vilipata kwa kazi kubwa iliyofanywa chini ya Wakala wa Nishati Vijijini, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2005, na hapana mtu mwenye akili timamu anayetaka kazi hiyo isimame hata siku moja. Lakini hakuna aliyependekeza isimame. Linalopendekezwa ni kwamba mkono wa nguzo ufungwe namna hii badala ya namna ile. Gharama ya kufanya hivyo wakati nguzo bado iko chini, fundi yuko pale na vifaa viko pale, ni ndogo. Gharama ya kurudi baada ya miaka kumi, kuzima njia, kupandisha mafundi na kubadilisha vilele, ni kubwa mara nyingi zaidi. Mtu aliyejenga nyumba na kusahau dirisha anajua tofauti hiyo.

Tena jimbo letu lina ushahidi wa aina hiyo, na ni ushahidi wa gharama kubwa. Katika bonde la Kihansi, pale Udzungwa inapoteremka kuelekea Kilombero, wataalamu walimkuta mwaka 1996 chura mdogo ambaye hakujulikana kuishi mahali pengine popote duniani. Aliishi katika manyunyu ya maporomoko ya maji. Wakati huo bwawa lilikwisha pangwa na ujenzi umeanza. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya megawati 180, manyunyu yakakauka. Ndipo ikabidi kutandaza mabomba ya kunyunyizia maji kwenye miamba, kuwasafirisha vyura karibu 500 kwenda kufugwa katika bustani za wanyama za Marekani, kuja kutangazwa mwaka 2009 kwamba porini chura huyo hayupo tena, na kuanza kumrudisha mwaka 2012. Umeme wa Kihansi tunauhitaji na hatuujutii. Lakini kama swali la manyunyu lingeulizwa mezani mapema, fedha nyingi na fedheha nyingi vingeepukika. Swali la nguzo bado liko mezani. Ndiyo maana tunaliuliza leo.

Na huyu tumbusi asiyependeza, tumjue kazi yake. Ng'ombe afapo malishoni Mbarali au Chunya, kundi la tumbusi humaliza mzoga kwa muda mfupi, na tumbo lao lina asidi kali inayoua vijidudu vingi vya maradhi. Nchini India tumbusi waliangamia kwa mamilioni tangu miaka ya 1990, na mwaka 2004 ikathibitishwa kwamba sababu ilikuwa dawa ya maumivu waliyopewa ng'ombe, iliyobaki katika mizoga. Mizoga ikaoza mashambani, mbwa wa mitaani wakaongezeka, na kichaa cha mbwa kikapata wabebaji wapya. Hapa Afrika, mwaka 2015, aina nne za tumbusi ziliwekwa katika daraja la mwisho kabla ya kutoweka porini. Tumbusi mkubwa hutaga yai moja kwa msimu, na kinda wake huchukua miaka mitano au zaidi kabla ya kuzaa. Ukimwua mmoja aliyekomaa, huwezi kumlipa kwa mwaka mmoja kama umlipavyo kuku.

Kwa haki na insafu ni lazima tukiri kwamba nguzo si adui wao wa kwanza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliokusanya habari za vifo 7,819 vya tumbusi katika nchi 26 za Afrika, ulionyesha kuwa asilimia 61 walikufa kwa sumu, asilimia 29 kwa biashara ya viungo vyao kwa ajili ya uganga, na asilimia 9 kwa umeme. Sumu tunaijua hapa hapa. Mwaka 2018, katika eneo la Ruaha, simba na makumi ya tumbusi walikutwa wamekufa baada ya mzoga kutiwa sumu. Basi msomaji atauliza, kwa nini mnahangaika na ile asilimia 9? Tunahangaika nayo kwa sababu ina mwenyewe. Mtia sumu ni mtu mmoja usiku porini, na kumpata kunahitaji askari, mbwa na bahati. Mwuza viungo hujificha. Lakini nguzo imesimama mchana kweupe, ina namba, ina mchoro, na mwenye mali hiyo ni umma. Hakuna haja ya kumkamata mtu. Pana haja ya mhandisi mmoja kubadilisha mchoro na mkubwa wake kuutia sahihi. Katika maadui wote wa ndege hawa, huyu ndiye pekee ambaye tunaweza kumshinda ofisini, na ni aibu kuwa huyu naye atushinde.

Wengine wamekwisha pita njia hii, nasi hatuna sababu ya kuianza upya gizani. Huko Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, tai wengi walikutwa wamekufa katika majimbo ya Wyoming na Colorado, baadhi kwa risasi, baadhi kwa sumu na baadhi kwa umeme. Kampuni ya umeme ya Idaho ilimwita bwana mmoja, Morley Nelson, aliyekuwa bingwa wa kufuga ndege wawindaji. Alisimamisha nguzo za bandia zisizo na umeme, akawarusha tai wake watue, na kila tendo likapigwa picha za sinema: wanatua wapi, wanafungua mbawa vipi, bawa linafika wapi. Mwaka 1975 ukatolewa mwongozo wa kwanza. Kipimo kilichokubalika tangu siku hizo ni kwamba baina ya vitu viwili ambavyo ndege anaweza kuvigusa kwa pamoja pawe na takriban sentimita 150 kwa upana na sentimita 100 kwa wima. Pasipowezekana, kimoja kivikwe. Mwanachuo wa mwaka wa kwanza wa ufundi pale Mbeya anaweza kukipima kwa futikamba.

Wajerumani walitunga sheria mwaka 2002 iliyotaka nguzo zote za hatari za msongo wa kati zirekebishwe ifikapo mwaka 2012. Afrika Kusini, shirika lao la umeme, Eskom, limekuwa na makubaliano na watu wa uhifadhi tangu mwaka 1996, na inafaa tuongeze kwamba katika nyika kame ya Karoo, isiyo na miti, tai wakubwa wamefanya minara ya msongo mkubwa kuwa mahali pa kujenga viota na kulea makinda. Nguzo iliyopimwa vyema ni rafiki wa ndege.

Upande wa pili wa mizani ni Sudan. Njia ya umeme ya kilomita 31 hivi iliyojengwa karibu na Port Sudan katika miaka ya 1950 ilikaa pale takriban miaka sitini ikiwaua tumbusi wa Misri wanaohama kutoka kaskazini. Inakisiwa waliokufa ni mamia, na huenda maelfu. Mtafiti mmoja alikuta mizoga kwa makumi chini yake mwanzoni mwa miaka ya 1980 na akaandika. Njia hiyo ilizimwa mwaka 2014 tu. Baina ya kujua na kutenda kulipita miaka thelathini. Ujirani pia umetufunza kwamba si lazima kuchukua muda huo: Februari 2021, katika hifadhi ya Soysambu huko Nakuru, twiga watatu waligusa nyaya zilizopita chini kuliko vichwa vyao wakafa. Wakenya walipiga kelele, wakuu wa wanyamapori wakakiri kwamba nguzo zilikuwa fupi, na shirika lao la umeme likaahidi kuzirefusha.

Basi tunataka nini hasa? Tunataka mikataba ya kupeleka umeme vitongojini, na vitongoji vya Tanzania Bara ni zaidi ya 64,000, iwe na kifungu cha ndege. Kifungu hicho kiseme kwamba katika njia za kilovolti 11 na 33 vikombe vining'inie chini ya mkono kila inapowezekana, ili waya upite chini na ndege akae juu. Kwamba pale vikombe vinaposimama, waya wa katikati uinuliwe juu ya kilele au mikono ya pembeni ishushwe. Kwamba mkono wa mti utumike mahali ambapo uzito unaruhusu, na sisi tunajua mti unapopatikana. Na kwamba nguzo yoyote ya transfoma isipokewe na mkaguzi mpaka vipande vyote vya waya vilivyo wazi vimevikwa mpira na vichwa vya transfoma vimefunikwa. Hili la transfoma lianze hata katika njia za zamani, maana ndipo vifo vinapokusanyika, na kazi yake ni ya saa chache. Nchi yetu ilijiunga mwaka 1999 na Mkataba wa Bonn wa kuhifadhi wanyama wanaohama, na nchi wanachama walikubaliana mwaka 2002 kuzirekebisha nguzo zinazoua ndege. Tulikubali sisi wenyewe, hatukulazimishwa.

Njia kuu nazo zisisahauliwe. Msongo wa kilovolti 400 wa kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga, ambao mkopo wake Benki ya Dunia iliuidhinisha mwaka 2018 ili kutuunganisha na Zambia, unapita katika nchi ya ndege wakubwa. Hatari yake ni kugongwa. Mtu atashangaa ndege mwenye macho makali agonge waya mchana, lakini macho ya tandawala na ya tumbusi yamewekwa pembeni mwa kichwa. Anaporuka ameinamisha kichwa kutafuta chakula au wenzake chini, mbele yake haoni. Wataalamu wa Afrika Kusini na Uingereza walilipima jambo hilo wakathibitisha. Dawa yake ni kutundika alama kubwa zinazoonekana kwenye ule waya mwembamba wa juu kabisa unaokinga radi, hasa panapovukwa mito, mabwawa, mashamba ya mpunga na nyanda za majani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ipimwe athari zake. Tunaomba ripoti hizo zisiishie kabatini; alama zilizoahidiwa zihesabiwe juu ya waya, moja moja.

Liko na jambo la hesabu, ambalo halihitaji fedha. Fundi wa laini huandika kila hitilafu aliyoishughulikia. Katika daftari hilo iwekwe safu moja zaidi: ndege, na kama anajulikana, ndege gani, nguzo namba ngapi. Mwenyekiti wa kitongoji akiletewa habari ya tai au korongo aliyekufa chini ya nguzo, aipeleke ofisi ya umeme ya wilaya na kwa afisa wanyamapori siku hiyo hiyo, kwa sababu fisi na mbwa wa kijiji hawangojei kesho, na kiwanja kisicho na mzoga asubuhi si ushahidi kwamba hakuna aliyekufa usiku. Na watu wasiguse viungo vya ndege huyo kwa ajili ya waganga. Ni kosa kisheria, na waya uliomwua yeye huenda umelegea na bado una moto.

Waheshimiwa wabunge na madiwani wa Iringa, Mbeya, Njombe na Songwe wanapokaa katika kamati za ushauri za mikoa huletewa taarifa za maendeleo ya umeme: vitongoji vingapi, nguzo ngapi, mkandarasi amefikia asilimia ngapi. Katika kikao kijacho waombe waletewe pia mchoro wa kilele cha nguzo, uwekwe mezani pamoja na futikamba, na mhandisi aliyepo aonyeshe zilipo zile sentimita 150.